Mafiga ya Banda la Nyuma

Jumatatu, 3 Machi

Mawingu mazito tangu alfajiri, mvua hakuna. Joto la kunata. Nimefika ofisini kabla ya wenzangu, nikafungua madirisha yote mawili. Chumba kilikuwa kinanuka rangi ya ukutani na chai ya jana.

Mratibu ameingia na toleo jipya la kanuni. La nne. Ndiyo maana tunamwita Bwana Toleo. Anajua, na siku akiamka vizuri hulitumia jina hilo mwenyewe akipiga simu. Leo hakuamka vizuri. Alitukalisha sote – mimi, mwenzangu anayekagua majiko upande wa pili wa reli, na fundi – akaanza kuchora ubaoni. Huku wizara. Huku halmashauri. Huku kampuni ya ng'ambo inayonunua kaboni yetu. Huku wanaosajili, huku wanaokagua, huku wanaowakagua wakaguzi. Mshale wa kwenda, mshale wa kurudi. Mwishowe neno "moshi", aliloanza nalo pale katikati, halikuonekana tena kwa mishale. Fundi akauliza taratibu, sisi tuko wapi hapo? Mratibu akatafuta nafasi, akatuweka nukta moja chini kabisa, karibu na msumari.

Ninavyoelewa mimi, kwa maneno yangu: kuna kiwanda mbali huko kinatoa moshi. Kinalipa ili sisi tupunguze wa kwetu, kisha kinajihesabia kwamba kimepunguza wa kwake. Sisi tunagawa majiko banifu. Watu wanaacha mafiga, kuni zinapungua, moshi unapungua. Malipo yanaendesha pampu ya maji ya zahanati. Hapo hata mtoto anaelewa. Kazi iko kwenye kuhesabu.

Toleo la tatu lilisema nyumba yenye jiko jipya na mafiga ya zamani ihesabiwe nusu. La nne limefuta nusu. Mafiga yakiwepo na yanawashwa moto, nyumba ni sifuri. Wizara wameandika mafiga yabaki kwa dharura. Halmashauri wameandika yabomolewe kwa usafi. Mwenzangu akauliza tufuate lipi. Mratibu akasema yote, akacheka peke yake.

Mkaguzi anakuja wiki ijayo. Atatembelea nyumba chache, na hizo chache zitasimama badala ya kata nzima. Zikianguka, mradi unahamia kwingine na pampu inazimwa.

Nimerudi chumbani kwangu nimechoka bila kubeba kitu.


Jumanne, 4 Machi

Manyunyu mpaka saa nne, kisha jua.

Zamu ya nyumba kwa nyumba, upande wa reli. Utaratibu wetu ni kwamba mtu hakagui mtaa wa ndugu zake, kwa hiyo mimi huenda kwa kina mwenzangu, yeye huenda kwa kina Mama. Kila jiko lina kihisi chini yake, kidude kidogo cha chuma kinachoandika joto. Mtaani wanakiita hivyo hivyo, kidude. Nakisogezea simu, simu inalia, nasoma: jiko limewaka asubuhi, limewaka jioni. Naandika "linatumika". Naenda mlango wa pili.

Nyumba moja leo jiko lilikuwa jeupe kama sahani. Hata tone la mchuzi kando hakuna. Nikamsifu mwenye nyumba kwa usafi. Akaangalia pembeni, akasema anashukuru.

Mchana nilipanga foleni benki nyuma ya mama mmoja, na mtandio wake ulikuwa unanuka moshi wa kuni. Moshi wa kuni mbichi kidogo, wa asubuhi. Nilisogea. Nilisogea karibu zaidi mpaka akageuka kuniangalia, nikajifanya nasoma tangazo la mikopo. Sekondari nilikuwa nasugua sare yangu kwa sabuni mara mbili ili wasichana wa mjini wasiusikie moshi huu huu. Leo mtu angeniuzia kwa chupa ningenunua.

Jioni Mratibu amebandika nyumba za mfano, zile zilizotumia jiko jipya vizuri kuliko zote. Ndizo atakazoanza nazo Mkaguzi. Ya kwanza kabisa kata nzima – ya Mama! Nilisoma mara mbili. Mwenzangu akanipiga begani, akasema damu ya Dada Jiko hiyo, jina walilonipa mtaani. Nilimpigia Kaka, alikuwa njiani na lori, kelele tupu. Akasema Mama hajawahi kuwa wa pili popote ila kwenye kusamehe.

Nitakwenda kumwambia mwenyewe. Alhamisi nina nusu siku.


Alhamisi, 6 Machi

Mvua kubwa alfajiri, imekatika ghafla. Barabara matope.

Sikumpigia Mama kwamba nakuja. Kwa kawaida huenda Jumapili, naye Jumapili hunipikia kwenye jiko jipya, pale barazani, amelifuta mpaka linang'aa. Leo nilisukuma geti mwenyewe.

Jiko jipya lilikuwa linawaka barazani. Moto mzuri, safi, kama kwenye picha za mradi. Juu yake hakuna kitu. Hakuna sufuria, hakuna hata birika. Moto unawaka, unaangalia angani.

Nikazunguka nyuma. Bandani moshi ulikuwa umejaa mpaka kwenye mabati, na katikati ya moshi Mama, ameinama, na sufuria kubwa la maharage juu ya mafiga.

 Kitu cha kwanza nilichohisi, sitamwambia mtu, hakikuwa hasira. Nilihisi nimefika nyumbani.

Akaniona. Hakushtuka. Akasema nikae upande ule, huku moshi unakuja. Nikamuuliza jiko la mbele linapika nini. Akasema halipiki, linahesabiwa.

Kisha maelezo yakaja, huku anakoroga. Jiko jipya ni zuri kwa chai. Sufuria kubwa halikai, linayumba. Maharage yanataka moto wa kulala nao, lile linataka kulishwa vijiti kama kifaranga. Limechorwa kwa watu wawili wasioshiba, alisema. Lakini mwanawe ndiye Dada Jiko, na kidude kinapeleka habari ofisini. Kwa hiyo asubuhi analiwasha, jioni analiwasha. Hajakosa hata siku moja. Hata alipoumwa alimtuma jirani.

Jirani mwenyewe alitokea saa hiyo hiyo, Mama Redio, amekuja kuomba kaa la moto. Jina hilo alipewa kwa sababu habari ikimfikia saa mbili, saa tatu iko sokoni. Aliponiona alisita mlangoni. Nikamuuliza na yeye? Akacheka, akakaa kabisa.

"Dada Jiko, usituangalie hivyo," akasema. "Kidude kinataka joto, tunakipa joto. Sisi tunataka maharage."

Mtaa mzima, kumbe. Wanawasha la mbele kwa ajili ya kidude, la nyuma kwa ajili ya tumbo. Nikawa napiga hesabu kichwani wakati wao wanacheka. Moshi wa mafiga uko palepale. Moshi wa jiko tupu umeongezeka. Na kule mbali kiwanda kinatoa wake kwa amani, kwa sababu sisi tumeupunguza. Moshi mara tatu, na kwenye karatasi hakuna hata mmoja.

Sikumwambia Mama kuhusu nyumba za mfano. Nilikula maharage. Nilikula sana.


Ijumaa, 7 Machi

Jua. Upepo mkavu.

Kazini nimekwepa macho ya Mratibu. Nimepanga faili ambazo zilikuwa zimepangwa.

Kaka amepiga. Nimemweleza. Amecheka mpaka amekohoa, kisha akatoa ushauri: mafiga yawekwe uvunguni mwa kitanda siku mbili, Mkaguzi akiondoka yarudi. Nilimwambia hayo ni mawe, si chungu cha akiba. Akasema basi jiwe lake atakuja kulichukua, alipakie kwenye lori. Baada ya hapo hakucheka tena. Akauliza kama bado lina ule mkato.

Bado linao.


Jumapili, 9 Machi

Asubuhi ukungu mwembamba, umeondoka kabla ya saa tatu. Siku nzuri. Siku ambayo ningependa nisiwe na jambo.

Nilikwenda kwa Mama. Jiko la barazani limefutwa, kuku amekaangwa, kama kila Jumapili, na mimi nikijua sasa. Alijua kwamba najua. Tulikula kama wageni wawili wenye adabu.

Baada ya kula nilikwenda nyuma peke yangu nikakaa bandani. Moto ulikuwa umefunikwa majivu, anavyoufunika siku zote, ili usife. Sikumbuki siku mafiga hayo yalipokuwa baridi.

Baba aliyaleta kutoka machimboni alikokuwa anavunja mawe. Nyumba haikuwa na paa bado. Mama husema walianza kupika kabla hawajaanza kulala ndani. Yako matatu, na sisi tuliyagawana. La upande wa dirisha, langu. La upande wa kuni la Kaka, lenye mkato wa patasi, eti ni sehemu aliyoing'ata kwa jino akiwa mtoto – Baba alimdanganya hivyo na yeye akaamini mpaka darasa la nne. La nyuma, kubwa kuliko yote, la Baba. Akirudi kazini alikaa kulielekea, mgongo mlangoni, vumbi limemfanya mweupe nyusi na kope, akinyoosha mikono kana kwamba moto ulikuwa unamsubiri yeye. Mama alimpa maji ya kunawa na hakuna aliyesema neno mpaka amalize. Kisha anasema: haya, nani amefanya nini leo? Na sisi tunaanza kuchongeana.

Aliyekutwa na kosa alikaa upande wa moshi. Adhabu ndiyo hiyo. Unakaa, unalia machozi ya moshi, na baada ya muda huwezi kujua ni ya moshi au ya kosa. Nilikaa hapo mara nyingi. Leo nimekaa hapo bila kutumwa.

Lakini lazima niandike na lile jingine, maana hii ni shajara yangu na hakuna anayeisoma. Kifua cha Baba. Kikohozi kile cha alfajiri tulichokifanya saa ya kuamkia. Daktari alimuuliza kama anavuta sigara, na Baba, ambaye hakuwahi kushika hata moja, alicheka mpaka akashindwa kujibu. Vumbi la machimbo, akasema daktari, na moshi wa jikoni. Vyote viwili. Ndiyo sababu nilipoona tangazo la mradi niliomba kazi siku hiyo hiyo. Nilijiambia sitaki mzee mwingine afe mgongo ukiwa mlangoni.

Na huu moshi ndio ninaoufuata kwenye foleni za benki.

Kabla sijaondoka nilimwambia Mama. Kwamba nyumba yake ni ya kwanza kata nzima, kwamba Mkaguzi anaanzia hapo keshokutwa, na kwamba akiona mafiga yenye moto nyumba ni sifuri, na sifuri hiyo ni ya watu wengi. Na pampu. Alisikiliza akikunja vitambaa vya meza. Akauliza huyo Mkaguzi anakunywa chai ya rangi au ya maziwa.


Jumatatu, 10 Machi

Mawingu tena. Mvua ya dakika chache wakati wa chai ya saa nne.

Nimemwambia Mratibu. Nilifunga mlango kwanza. Nilidhani atapiga meza. Alivua miwani, akaiweka juu ya toleo la nne, akajisugua macho muda mrefu.

Akasema alihisi. Majiko meupe mno, namba nzuri mno. Akasema kosa si la Mama wala la mtaa: sisi tuliomba joto, tukaletewa joto. Kisha akanieleza kwa nini nusu ilifutwa, na kwa mara ya kwanza nilielewa. Sehemu nyingine watu walihesabu majiko yaliyokuwa stoo, kwenye maboksi. Wakauza moshi ambao haukupungua. Waliokaza kanuni hawakuwa wabaya, akasema, walikuwa wametapeliwa. Mwenyewe alifuatilia mkutano ule kwa kompyuta, wa wiki mbili, wajumbe kutoka kila pembe. Siku nzima ilikwisha wakibishana kama nyumba inaweza kuwa nusu. Hakuna hata mmoja aliyeuliza sufuria lina ukubwa gani.

Na jiko kubwa? Nilimkumbusha, fundi wetu alilichora, sufuria kubwa linakaa bila kuyumba. Akafungua droo, akanionyesha barua. Linasubiri kibali mwaka wa pili. Kulihesabu jiko hilo kubwa kunataka kubadili njia ya kuhesabu, na kuibadili kunataka mkutano. Tukiligawa bila kibali, nyumba zote zitakazolipata zinatoka kwenye hesabu. Kwa hiyo jiko linalofaa halihesabiki, na linalohesabika halifai.

Nikamwomba aitoe nyumba ya Mama kwenye nyumba za mfano. Akasema majina yameshapelekwa, na kuyabadili sasa ni kosa kubwa kuliko mafiga. Nikamuuliza basi nifanye nini. Alivaa miwani.

"Kama mratibu, nakwambia mafiga yatoke," akasema. "Kama mtu aliyelelewa na bibi, sikwambii kitu."

Akaniruhusu nilale kwa Mama leo na kesho. Naandika hapa kwenye chumba changu cha utotoni. Kitanda kimekuwa kifupi.


Jumanne, 11 Machi

Asubuhi anga safi kabisa, bluu, bila hata wingu la kujisitiri. Baridi kidogo.

Mama aliamka kabla yangu. Nilidhani nitamkuta anazima moto wa nyuma. Nilimkuta anauchochea. Jiko la mbele lilikuwa baridi. Nikamwambia, Mama, kidude. Akasema leo kidude kipumzike, mwenye kidude anakuja mwenyewe.

Mkaguzi alifika saa tatu na Mratibu. Mwanamke wa makamo, viatu vya kutembelea, begi mgongoni, anaongea polepole kama anayeogopa kumwamsha mtu. Alimwamkia Mama shikamoo, akakaa alipoonyeshwa. Akakisoma kihisi. Akasema hajaona nyumba yenye utaratibu kama huu: asubuhi na jioni, bila kukosa, saa zile zile. Mratibu akaangalia viatu vyake. Mimi nikaangalia viatu vya Mratibu.

Mama akasema, "Hilo ni la kuhesabiwa, mwanangu. Twende nikuonyeshe la kupikia."

Akamshika mkono akampeleka bandani. Hivyo tu. Jambo lililonikosesha usingizi tangu Alhamisi, yeye alilimaliza kwa sentensi mbili na kumkumbusha mgeni ainamishe kichwa mlangoni.

Mkaguzi alikaa kwenye kigoda upande wa dirisha, mbele ya jiwe langu. Mama akampa chai ya maziwa, imechemka hapo hapo. Nilitegemea maswali ya fomu. Akauliza sufuria lile linapikia watu wangapi. Akauliza kuni zinatoka wapi, na mvua ikinyesha anafanyaje. Mama alijibu yote, akaongeza na la watu wawili wasioshiba, na Mkaguzi akacheka mpaka chai ikamwagika kidogo. Kisha akakohoa, kwa moshi. Akakohoa tena. Nilimwona Mama akimtazama kifuani, si usoni.

Tulipotoka nje alisema wazi, mbele yetu sote. Habari ya majiko kuwashwa matupu ataiandika, kwa kata nzima na si kwa nyumba hii, maana ameikuta na kwenye kata nyingine, na itajadiliwa huko juu. Habari ya sufuria kubwa ataiandika pia, ingawa fomu haina mahali pake – ataibana pembeni. Lakini mafiga ni ndiyo au hapana. Hana nusu. Akasema angekuwa nayo angempa Mama. Anafunga ripoti kesho, na atapita saa nne asubuhi kupiga picha ya banda. Atakachokiona ndicho atakachokiandika.

Mratibu alimshukuru Mama kwa chai. Getini aliniuliza, kwa sauti ya chini, kama yale mawe yana umri gani. Nikamwambia yananizidi.

Mchana kutwa Mama alifanya kazi za nyumba kama siku yoyote. Alifua. Alianika. Mama Redio alipita mara tatu kuazima vitu asivyovihitaji. Mara ya tatu alisema zahanati leo kuna akina mama wawili wa kujifungua, na maji yanatoka vizuri.  Sijawahi kumsikia akisema kidogo hivyo.

Jioni Mama akapika. Maharage tena, sufuria kubwa, ingawa tulikuwa wawili. Mengine akawapelekea majirani, akabakiza bakuli mbili. Tulikula bandani, yeye kwake, mimi upande wa dirisha, na pale mbele ya jiwe la Baba pakawa wazi kama siku zote. Simu ya Kaka ikaingia, nikaiweka juu ya kuni ili asikie.  Alisikiliza tu tunavyokula, na sisi tulisikia injini yake imezimwa. Alikuwa ameegesha mahali.

Baada ya kukata simu nikashindwa kujizuia. Nikasema sitaki aone namlazimisha. Nikasema naweza kumwambia Mkaguzi aandike sifuri, tutatafuta njia nyingine ya pampu. Na nikasema, sijui kwa nini, kwamba ule moshi ndio uliomchukua Baba na ndio huo huo ninaoukumbuka nikimkumbuka, na sijui niupeleke wapi.

Mama alikuwa anakwangua ukoko. Hakuacha kukwangua.

"Najua moshi ulimfanya nini," akasema. "Mimi ndiye niliyekuwa nafua mashuka yake."

Akaweka sufuria chini. Akaniambia nilete mtaimbo.

Mtaimbo wa Baba uko nyuma ya mlango wa stoo, mahali pale pale, mpini umevikwa mpira wa baiskeli. Sikujua kama ninaweza kuunyanyua. Mama akasogeza makaa yote kwa koleo, akayapeleka upande wa nyuma, ili upande wa mbele upoe. Tukamwagia maji kidogo. Tukasubiri. Kisha nikachimbua jiwe la Kaka. Lilikuwa limezama ardhini kuliko nilivyodhani, kama gego. Lilipotoka liliacha shimo jekundu, udongo umeungua mpaka umekuwa tofali. Mama akapitisha kidole kwenye ule mkato wa patasi, akaliviringisha mwenyewe mpaka ukutani. Kisha langu. Langu lilitoka kirahisi. Nilisikia vibaya kwamba limetoka kirahisi.

Tukabaki na la Baba. Makaa yote yalikuwa yamelizunguka.

Nilishika mtaimbo. Mama akanyoosha mkono, akauweka karibu na jiwe bila kuligusa, kama mtu anayempima mtoto homa.

"Hili bado la moto," akasema. "Lipoe kwanza."

Nikasema tulimwagie maji kama yale. Akasema litapasuka. Labda ni kweli. Baba alisema hivyo kuhusu mawe makubwa. Tukakaa. Mama akaanza kunisimulia siku Baba alipolileta, kwenye mkokoteni wa kuazima, gurudumu limepinda, amelifunga kwa mkanda wake na suruali inamdondoka barabarani mbele ya wakwe. Nilicheka mpaka machozi. Ya moshi au ya kosa, sikujua.

Nikawa nafikiri: jiwe moja ni mafiga? Haliwezi kushika sufuria. Toleo la nne halisemi chochote kuhusu jiwe moja. Labda la tano. Watakaa wiki mbili mahali fulani, wavae vitambulisho shingoni, wabishane.

Nilipoanza kusinzia Mama akaniambia niende kulala, nina kazi kesho. Yeye atakaa mpaka lipoe, kisha ataniamsha tulitoe pamoja. Nikamwuliza kweli ataniamsha? Akasema aliwahi kuniacha nichelewe shule?

Kwa hiyo niko kitandani, miguu imezidi ukingo. Dirisha liko wazi na moshi unaingia kidogo, ule wa mwisho wa siku, mwembamba. Nimeshaweka shati la kazi juu ya kiti karibu na dirisha. Sikulisogeza.

Nilikuwa nimeanza kufunga daftari nikasikia kitu bandani. Mlio mmoja, mkavu. Halafu mwingine. Kuni zinavunjwa juu ya goti, na kwa kuni jiwe halipoi.

Sikuinuka.

Saa nne na robo usiku. Nalala.